Mulki Mashimo na Mbuzi Wawili wa Picha

Huku kwetu mtu hana jina moja. Lipo alilopewa na wazazi siku ya saba, na lipo analopewa na watu baadaye, na hili la pili ndilo linalosafiri. Mulki alipoanza kuchimba, watu wa Habaswein walimwita Mulki Mashimo, na hakuna aliyelisema kwa sifa. Binti wa mfugaji, mjukuu wa mfugaji, leo ameshika sururu anapasua ardhi kama watu wa bara! Watoto wakitoka madrasa walimwimbia jina hilo, naye aliwajibu bila kuinua kichwa, "Imbeni, wanangu, lakini mtazame mnapokanyaga."

Baba yake nilimjua. Miaka ile tulipeleka ng'ombe soko la Garissa kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na kwa sababu hiyo kila miguu yangu ikinileta Habaswein huanzia kwa Mulki. Hunipa chai ya maziwa, huniita adeer, yaani baba mdogo, na huniuliza habari za barabara. Mengi ya haya niliyaona. Yale ambayo sikuyaona nimeyapata kinywani mwake, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Ukame ule wa mwaka wa ishirini na mbili ulimkuta na ng'ombe arobaini na wanne. Ulimwachia mbuzi sita. Sitaki kueleza wale ng'ombe walivyokwenda, kila mtu wa huku ana yake ya kueleza, na yote ni moja. Mume wake alichukua ngamia wake mwenyewe watatu waliobaki akaenda nao upande wa Lafey kwa ndugu zake, na tangu hapo, kama anavyosema Mulki mwenyewe, amekuwa mume wa simu. Akipata mtandao, ana mke.

Siku moja katika ukame ule alikwenda kumzika jirani. Makaburi ya mji yamezungushiwa waya ili mifugo isiwakanyage marehemu, na ndani ya waya ule, huku nchi yote ni vumbi, kulikuwa na nyasi zimesimama. Zimekauka, lakini zimesimama. Ilikuwa daremo, nyasi ndefu ya wazee, ambayo vijana wa leo wanaijua kwa jina tu. Watu walizika, wakaomba dua, wakaondoka, Mulki akabaki kwenye waya.

"Adeer," aliniambia baadaye, "nilijiuliza, hawa wafu wana nini ambacho sisi hatuna? Nikatazama, nikatazama. Nikaona wana ua."

Hapo ndipo alipoanzia. Mwaka uliofuata likaja shirika moja likiwafundisha watu kuchimba mashimo ya nusu mwezi. Unachimba kufika goti, upana hatua tano, mdomo wa shimo unaelekea kule maji yanakotoka, ili mvua ikinyesha maji yasipite mbio kama mgeni mwenye haraka, yaingie, yakae. Wanaume walisikiliza, wakanywa soda, wakaenda zao. Mulki na wanawake kumi na mmoja wakachukua sururu.

Lakini ardhi ya huku si ya mtu. Ni ya visima, na visima vina wazee. Mzee wa malisho upande ule ni Khalif, mtu mwembamba, mpole, mwenye ndevu za hina, ambaye hajawahi kuinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Mulki alimwendea. Khalif akampa mahali palipokuwa peupe kama sahani iliyolambwa, magharibi ya mji, akamwekea na sharti mbele ya watu.

"Miaka mitatu," alisema Khalif. "Mpaka mvua za Gu zitakazofunga mwaka wa tatu. Nyasi zikiiva hapo, zikadondosha mbegu zake zenyewe, basi hiyo ni seere yenu, nyinyi na watoto wenu. Zisipodondosha, ua unavunjwa, na ardhi inarudi kwa kila mwenye mnyama."

Seere ni malisho yaliyozuiwa. Ni jambo la zamani kwetu, la kabla ya mashirika, na lina sheria moja ambayo hata mtoto wa mbuzi anaijua: unaweza kumzuia kila mtu, huwezi kuzuia baadhi. Siku mnyama mmoja akila ndani, seere imefunguliwa, na yeyote apitaye na mifugo ana haki ya kuingia. Khalif huifananisha na saumu. Hakuna mtu aliyefunga kidogo.

Mwaka wa kwanza mvua ilikuja kwa hasira, ule mwaka wa mafuriko, ikafukia mashimo yote tope. Wakachimba upya. Mwaka wa pili walipewa gunia la mbegu kutoka mbali. Zikaota, zikachungulia dunia, zikafa. Mulki akasema mbegu hizi ni kama maofisa wanaoletwa huku kutoka Nairobi, hazikuzoea jua. Akarudi makaburini. Akamwomba sheikh ruhusa, sheikh akasema chukua, marehemu hawachungi. Sisimizi wa makaburini walikuwa wamekusanya mbegu za daremo na kuziweka ghala chini ya vichuguu vyao, na wanawake kumi na wawili wakakaa miezi miwili wakifukua ghala za sisimizi kwa kijiko. Kwa kijiko! Kila kichuguu walichukua nusu na kuacha nusu, maana Mulki alisema na wao wana watoto.

Mwaka wa tatu, mvua za Deyr, zile za vuli zinazotangulia Gu ya masika, zilinyesha siku mbili tu. Siku mbili, kisha mbingu ikafungwa. Nje ya ua wa miiba ya mathenge hapakuota hata kitu cha kumdanganya mbuzi. Ndani, kila nusu mwezi ulishika maji yake, na daremo ikatoka, ikapanda, ikafika kiunoni. Mimi nilikuwa Tarbaj, nikasikia habari zake kwa wenye malori, nikaja kutazama. Niliingia katikati nikasimama. Zilikuwa zinatoa ile sauti ya nyasi ndefu, na sikuwa nimeisikia tangu nikiwa kijana. Mulki alinishikisha suke moja, kijani, laini.

"Wiki tatu," alisema. "Likigeuka rangi ya majani makavu, ukilifikicha hivi linaachia. Wiki tatu tu, adeer, na Khalif hatanitoa hapa mpaka nife."

Hapo ndipo watu wa filamu walipofika.

Walikuwa wawili na dereva wao. Mwenye kazi alikuwa msichana anaitwa Filsan, Msomali wa kwetu kabisa kwa ukoo, lakini amezaliwa Nairobi, na Kisomali chake kilikuwa cha salamu. Akimaliza kuuliza watoto hawajambo, anaingia Kiswahili cha mjini kinachokimbia. Mpiga picha alikuwa kijana mrefu wa bara, na kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa amefumba jicho moja, kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza mji mzima ulikuwa unamwita Jicho Moja, naye akaitika. Walikuja na ile ndege ndogo ya kupiga picha kutoka juu, lakini polisi waliiona wakaiweka kituoni wakasema itarudi na wao siku ya kuondoka.

Kiswahili changu nimekipata kwenye malori ya mifugo, kina harufu ya mbuzi, lakini kilikuwepo. Mulki akaniomba nikae nao niwe mdomo wa pande zote mbili.

Filsan alieleza kwamba shirika lile la mashimo linataka filamu fupi kuhusu kilimo kinachorudisha uhai wa udongo, ioneshwe kwa wafadhili, ili vijiji vingine navyo vichimbe. Wanawake wakanong'ona. Mmoja akasema, "Mwambie sisi si wakulima." Nikamwambia. Filsan akasema, "Sawa, tutasema wafugaji." Akaandika.

Siku nne tulicheka sana, nisiseme uongo. Walimtaka Mulki achimbe shimo, na mashimo yote yalikuwa tayari. Akauliza, "Nilifukie kwanza?" Walimtaka atembee kutoka mlangoni mwa ua hadi nyumbani kwake akitazama mbele kama mtu mwenye mawazo, kisha arudi, kisha atembee tena. Jioni alinipa chai akasema, "Adeer, leo nimekwenda kwangu mara saba na sijafika." Walimweka juu ya kichuguu na kijiko, wakamwambia asitabasamu. Wenzake wakawa wanamchekesha kutoka nyuma ya kamera: "Mulki, mume wako anapiga! Amepata mtandao!"

Filsan alilala kwa Mulki siku zote nne, katika chumba kimoja na Ifrah, binti wa Mulki anayefundisha shule ya msingi. Alikula chakula chake, akamwita edo, shangazi, na Mulki akampenda. Ndiyo maana nasema hakuna mbaya katika habari hii. Ningempata mbaya ningepumzika.

Filsan alikuwa na karatasi ya picha zinazotakiwa, na kila ikipigwa moja anaikata kwa kalamu. Siku ya nne ilibaki moja. Mifugo ndani ya nyasi.

"Haiwezekani," alisema Mulki, hata sijamaliza kutafsiri.

"Edo, hiyo ndiyo picha ya mwisho," alisema Filsan. "Bila hiyo watauliza, sasa hizi nyasi zinamsaidia nani? Ni wale tu mbuzi wako, waingie, watoke. Bosi wangu ameiwekea nyota." Akatuonesha. Kweli ilikuwa na nyota.

Nikamweleza sheria ya seere. Alisikiliza kwa heshima, akaitikia kwa kichwa, na niliona kwamba ameielewa kama mtu anavyoelewa bei ya kitu asichokusudia kununua. Mulki alimtazama msichana, akaitazama karatasi. Akafikiri. Halafu akacheka peke yake, akaingia ndani, akatoka na kamba za mkeka.

Alisuka vikapu vidogo sita, vile tunavyowafunga ndama mdomoni wasimalize maziwa ya mama zao. Alikwenda navyo kwa Khalif, nami nikaandamana naye. Khalif alikivaa kimoja kwenye ngumi yake, akakigeuza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mbuzi aliyefungwa mdomo hajala," alihukumu. "Asiyekula hajafungua kitu. Waingie, watembee, watoke. Lakini Mulki, binti yangu, kikapu kisidondoke."

"Hakitadondoka," alisema Mulki.

Asubuhi yake, jua likiwa bado la upole, mbuzi sita waliingia ndani ya seere wakiwa wamefungwa midomo. Maskini wale wanyama. Maisha yao yote hawajaona nyasi kama zile, na sasa wamesimama ndani yake mpaka shingoni, wanasukuma vikapu huku na huku na kulia puani. Jicho Moja alipiga magoti, akafumba jicho. Filsan alikuwa akitazama kwenye kioo kidogo cha kamera. Uso ukamsawijika.

"Zii, haifai," alisema. "Wanaonekana kama wamefungwa jela."

"Wanaonekana wana korona," alisema Jicho Moja.

Walijaribu kwa mbali, vikapu vikaonekana. Walijaribu kwa nyuma, ikawa ni picha ya mikia. Filsan akaja kwangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, muombe tu edo. Dakika mbili. Wawili tu, wale weupe. Wang'ate mara moja, tufunge tena. Hakuna mtu hapa. Tazama."

Nikatazama. Kweli hapakuwa na mtu. Kulikuwa na uwanda mweupe mpaka mwisho wa macho, na kichaka cha mathenge upande wa barabara.

Nilitafsiri. Maneno yake yalikuwa ya adabu nikayafikisha kwa adabu. Ningeweza kuongeza la kwangu, maana nilikuwa mtu mzima kuliko wote pale, na la kwangu nilikuwa nalo. Sikuongeza. Nilijiambia kazi yangu ni mdomo.

Mulki naye alitazama uwanda, kaskazini, kusini. Akamtazama yule msichana aliyelala nyumbani kwake siku nne na hakuwa ameomba lolote zaidi ya maji ya kuoga. Kwetu mgeni akiomba kitu unachoweza kukitoa, unakitoa. Ukishakitoa, ndipo unahesabu.

Alivifungua vikapu viwili.

Mbuzi walikula. Sijui nieleze vipi. Walikula wamefumba macho. Jicho Moja alikuwa akisema polepole, "Ee, ee, hivyo hivyo, mama," na Filsan ameziba mdomo kwa furaha, na jua limepiga masuke kwa nyuma yakawaka. Ilikuwa nzuri. Nilisimama pale nikaona ni nzuri.

Halafu nikasikia kengele za mbao.

Kwenye kichaka cha mathenge walitoka ng'ombe, mmoja, wawili, halafu wengi, pengine ishirini. Mbavu zao ungeweza kuzisoma. Hawakuwa wakichungwa, walikuwa wakifuata pua zao, na mchungaji alikuwa nyuma yao akijikongoja na fimbo. Walifika kwenye ua, pale tulipokuwa tumeondoa tawi la miiba ili kamera ipite, wakasimama wamenyoosha shingo. Hakuna aliyeingia. Ng'ombe wa huku wanajua ua.

Yule mtu akafika. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, viatu vyake vimefungwa kwa kamba. Alitusalimu kama inavyopasa: amani, amani, mmeamkaje, watoto, mifugo, mvua. Jina lake Jelle, alisema, ametoka juu ya Tarbaj, leo siku ya tisa anatembea, anaelekea bwawani Lorian akiwa amesikia kuna matope. Alisema yote hayo akiwa ametazama chini. Kisha akainua macho akawaona mbuzi wawili.

"Edo," alimwambia Mulki kwa upole, "seere imefunguliwa?"

Mbuzi waliendelea kutafuna.

"Ni mbuzi wawili tu," alisema Mulki. "Ni kwa ajili ya picha."

Jelle alimtazama Jicho Moja aliyekuwa bado amepiga magoti, akawatazama mbuzi tena. "Mimi naona wanakula," alisema. Haikuwa kejeli. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha macho yake hayajaharibika kwa njaa.

"Wanakula," alikubali Mulki.

"Ng'ombe wangu hawajui picha, edo. Lakini ukiniambia imefungwa, nitapita. Wallahi sitanung'unika. Nikiulizwa njiani, nitasema nimeikuta imefungwa."

Bora angetukana. Angetukana tungepata pa kushika. Alikuwa anajitolea kumbebea uongo wake, baada ya siku tisa za mwendo na njaa, kwa hiari yake.

Mulki alinigeukia. "Adeer?"

Nikatazama chini. Nimetembea nchi hii tangu kabla ya lami, nimeketi kwenye mabaraza ya damu na ya visima, na siku hiyo neno halikuja. Alipoona sina, alikwenda kwenye ua akashika tawi jingine la miiba kwa mkono mtupu, akalivuta, mlango ukapanuka zaidi.

"Imefunguliwa," alisema. "Waingize polepole. Tumbo tupu na nyasi mbichi, watavimba."

Ng'ombe wakaingia.

Filsan alipiga makofi. "Hii hata hatukuipanga! Ng'ombe wa ukweli!" Akamvuta Jicho Moja bega, "Piga, piga!" Wanawake walikuwa wamekaa chini mmoja mmoja. Mulki alikuwa akiwafungua wale mbuzi wanne waliobaki. Alivikusanya vikapu vyote sita akaviweka kimoja ndani ya kingine, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe baada ya wageni. Ndipo Filsan akaona nyuso. "Mzee, kuna nini?" Nikamweleza upya, neno kwa neno, na safari hii alielewa.

"Lakini si tunaweza kufunga tena? Sasa hivi? Huyu akishatoka?"

"Nani atafunga?" nilimuuliza.

"Tuite chifu. Tuite polisi."

"Waje wamkamate nani?"

Alilia. Mulki ndiye aliyembembeleza.

Jelle aliwatoa ng'ombe wake adhuhuri. Hakukaa zaidi, ingawa alikuwa na haki. Alisali pale kwenye kivuli cha gari la filamu, akamwombea Mulki dua ndefu, akaenda zake. Lakini kila mtu ana simu. Kabla ya alasiri ya siku ile ile walifika wa kwanza, kesho yake wakaja wa barabara ya Wajir, na wote walisalimia vizuri, na wote waliuliza lile lile, seere imefunguliwa? Na ilikuwa imefunguliwa. Siku ya tatu niliacha kuhesabu vichwa. Walikuwa ni watu wenye njaa na wanyama wenye njaa. Kuna jirani zangu mle, kuna shemeji yake Mulki mwenyewe. Siku ya tano mashimo ya nusu mwezi yalikuwa yamejaa kwato na samadi, na upepo ukipita haukuwa na kitu cha kugusa.

Khalif alikuja. Alikaa chini kwenye ukingo wa shimo.

"Kikapu kilidondoka?"

"Hapana. Nilikitoa mwenyewe."

"Kwa nini, binti yangu?"

"Mgeni aliniomba."

Hakuna mzee wa huku mwenye jibu la hilo. Khalif alisema tu kwamba sharti lake bado ni sharti, kwamba angependa lisiwe, kwamba akilivunja kwa Mulki kesho atalivunja kwa mwenye bunduki. Mulki alisema anajua.

Filsan aliapa ataeleza yote kwenye filamu. Nadhani alijaribu. Baada ya mwezi alimpigia Ifrah akasema wakubwa wameona sehemu ile ni ndefu, inachanganya watazamaji, wameitoa. Alipiga simu ile akiwa analia tena, Ifrah anasema.

Filamu ilifika mwezi wa Shaabani, kwenye simu ya Ifrah. Mulki aliwaita wanawake wote kumi na mmoja, akamtuma Ifrah kwa Khalif pia, na hapo sikuelewa kwa nini. Tulikaa nyumbani kwake asubuhi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mwanzoni walikuwa wakisukumana na kucheka: tazama miguu yako, tazama unavyotembea kama bi harusi! Mulki akapita akielekea kwake mara moja tu. Zile mara sita zilikuwa zimepotea. Kulikuwa na sauti ya Kiingereza na muziki. Wakatokea mbuzi weupe wawili, wamefumba macho. Wakatokea ng'ombe wa Jelle, na mbavu hazikuonekana, nyasi zilizifunika.

"Anasema nini hapo?" aliuliza mmoja.

Ifrah alisita. "Anasema leo Mulki na wenzake wana malisho ya kutosha hata kuwapa jirani."

Nilidhani Mulki atazima. Hakuzima.

"Rudisha," alisema. "Pale kwa mbuzi. Simamisha."

Ifrah akasimamisha. Mulki akaichukua simu, akamsogelea Khalif, akapiga magoti mbele yake. Ndipo nikajua alichomwitia. "Mzee, tazama hapa ukingoni, upande wa magharibi. Yale mashimo ya mwanzo. Pale maji yaliingia mengi zaidi, nyasi zikatangulia nyingine. Siku ile nilidhani niliona masuke yameanza kugeuka rangi. Kama yalikuwa yamegeuka, mbegu zilianguka. Ng'ombe walizikanyaga tu, ziko chini. Ziko pale. Nipe mvua moja."

Khalif alivaa miwani yake. Alitazama muda mrefu, pua yake ikikaribia kugusa kioo. Haki ya Mungu, alitaka kuona.

"Naona kunang'aa," alisema. "Hili ni suke au ni jua?"

"Kuza," Mulki alimwambia Ifrah.

Ifrah alitanua kwa vidole viwili. Masuke yakaja karibu.

"Kuza tena."

Yakaja karibu zaidi, yakapoteza ncha. Tukasogea wote, vichwa vimegusana, vichwa kumi na tano juu ya simu moja.

"Tena."

Picha ikavunjika ikawa vipande vipande vya mraba, vya kijani na vya njano, na kimoja huwezi kujua kilikuwa nini kabla hakijawa mraba. Mulki aliviangalia. Alijaribu kuisogeza kwa kidole chake mwenyewe, ikaruka ikaonesha anga.

"Sioni, binti yangu," alisema Khalif. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi chake, akaivaa, akatazama tena, akavua. "Wallahi sioni."

Ua ulivunjwa Jumamosi. Mulki alikwenda mwenyewe pamoja na wenzake, maana miiba ile waliikata wao na walijua ilivyofumwa. Wangewaachia vijana wangejichoma. Waliiburuta hadi kando ya barabara, anayetaka achukue kuni. Mimi nilishika matawi mawili matatu, nikaambiwa nikae.

Sasa tunangoja Gu. Nimefika hapa tena jana. Mawingu yapo, hayajasema neno. Mvua ikija, kama mbegu ziko chini zitaota, na siku ya tatu, zikiwa urefu wa ukucha, mbuzi wa mji mzima watakuwa pale, na wa Mulki pamoja nao, kwa sababu watakula wapi pengine. Kama hazipo, hapataota kitu. Kwa vyovyote, mtu akipita baada ya wiki moja atakuta mahali ni peupe, na hataweza kujua ilikuwa lipi. Nilimwambia Mulki hilo, sijui kwa nini nilimwambia. Alikuwa ananimiminia chai.

"Nitakwenda asubuhi ya kwanza," alisema. "Kabla ya mbuzi. Nataka kuziona tu."